Damu Haitaki Maji ya Moto

Asubuhi ile Dokta Doa aliunguza foronya.

Kwa mtu mwingine, foronya iliyoungua ni foronya iliyoungua. Inachanwa, inakuwa tambara la kufutia vumbi, na maisha yanaendelea. Lakini katika chumba cha kufulia cha hoteli ile, chini kabisa ya jengo, ambako mvuke ulikuwa mzito hadi kuta zikatoka jasho, hakuna aliyewahi kumwona Dokta Doa akiunguza kitu. Yeye ndiye aliyeletewa vilivyoharibiwa na wenzake. Shati la mgeni likija na wino mfukoni, kitambaa cha meza kikija na mafuta, yeye alikiinua kwenye taa, akakinusa, kisha akauliza, "Limelala?" Akimaanisha doa. Likiwa halijalala, atalitoa huku akipiga soga. Likiwa limelala, atalibembeleza mpaka liamke lenyewe. Jina walimpa kwa utani likamganda, hata msimamizi akalisahau lile lililoandikwa kwenye kitambulisho chake.

Basi harufu ya pamba inayoungua ilipopanda, mpiga pasi wa meza ya jirani aligeuka, akatazama, akatazama tena.

"Dokta," alisema, "pasi yako inakula."

Dokta Doa hakusikia. Mkono mmoja ulikuwa umeikalia pasi, wa pili umeshika simu, na macho yamekwama kwenye kioo chake kama nzi kwenye asali. Mwenzake akaja, akamwondolea pasi, akaitazama alama ya kahawia iliyobaki kwenye kitambaa cheupe.

"Nani kafa?" aliuliza kwa sauti ya chini, maana uso ule ulikuwa uso wa msiba.

"Hakuna aliyekufa. Wamenifungia."

"Wamekufungia nini?"

Dokta Doa alifungua mdomo. Kikohozi kikaja badala ya maneno, kikamwinamisha juu ya meza mpaka kilipochoka chenyewe. Pembeni alisimama dada mmoja mwenye vicheko vya karibu, anayejifunza kukunja shuka kubwa bila kuliburuza chini. Huyo ndiye aliyeajiriwa kuirithi meza hiyo. Dokta Doa alikwisha kumwandikia msimamizi kwamba anaacha kazi mwezi ukiisha, na kila siku alikuwa anamfundisha mrithi wake kwa moyo mweupe, kama mtu anayegawa nguo za zamani kwa sababu ana mpya nyumbani.

Sasa barua pepe ilikuwa inamwambia kwamba nyumbani hakuna mpya.

Ilikuwa fupi, ya adabu, na kwa lugha ya kigeni. Kampuni ya matangazo iliyokuwa ikimlipa kupitia blogu yake ilikuwa inaifunga akaunti yake kuanzia usiku wa siku hiyo. Fedha zilizokuwa hazijatumwa zingerudishwa kwa wenye matangazo. Chini hapakuwa na jina la mtu wala namba ya simu. Aliisoma tena na tena, akidhani labda ameruka neno, kwamba mahali fulani katikati limejificha neno dogo lenye maana ya "lakini". Halikuwapo.

*

Blogu ilianza kwa sababu ya kifua. Daktari wa zahanati alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akavua kipimo chake cha masikioni, akamwambia bila kuzunguka: "Wewe unafua nguo, na mvuke na dawa za mle ndani zinakufua wewe. Ukitoka sasa, hiki kifua kitapona. Ukikawia, mimi sitakuahidi kitu."

Kutoka ni neno rahisi mdomoni mwa daktari. Mumewe alikuwa fundi rangi wa nyumba, mtu wa kazi za leo ipo kesho haipo, na watu hawakuchoka kuwatania kwamba mtoa madoa kaolewa na doa linalotembea. Rangi ilimkaa masikioni, kwenye nyusi, na kwenye mikunjo ya viwiko. Nyumba ilisimama kwa mshahara wa chumba cha mvuke. Hilo kila mtu alilijua, mume akiwa wa kwanza, na alilijua bila kununa.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alikuwa fundi simu mwenye kibanda cha kioo kando ya barabara. Ndiye aliyesema, siku moja akimtazama shem wake akimwelekeza jirani kwa simu namna ya kutoa kutu kwenye sare ya shule: "Shem, unayagawa bure haya. Kuna watu wanaandika vitu vya kijinga kuliko hivi na wanakula."

"Wanakula nini, karatasi?"

"Matangazo. Wewe unaandika, watu wanasoma, kampuni inapachika matangazo yake pembeni ya maneno yako. Msomaji akivutiwa, akabonyeza, ukapata chako. Kidogo kidogo."

Akamfungulia blogu, wakaiita Doa Halikai. Makala ya kwanza ilihusu damu, kwa sababu damu ndiyo inayowatia watu kiwewe. Aliandika kama anavyosema. Ukiona damu kwenye nguo, mkono wako utakimbilia maji ya moto. Ukatalie mkono wako. Maji ya moto huipika damu ndani ya uzi, na damu iliyopikwa haitoki tena, utazeeka nayo. Damu haitaki maji ya moto. Ipe maji baridi, mengi, na subira. Akamaliza hapo.

Makala ile ilisafiri. Iliwafikia wauguzi, wauza nyama, na akina mama wa wasichana waliovunja ungo. Walimwandikia kumshukuru na kumuuliza juu ya wino, juu ya mafuta ya cherehani, juu ya lipstiki kwenye kola, na huyu wa mwisho alimjibu kwamba doa linatoka lakini maelezo ajitafutie mwenyewe. Akawa anaandika kila Jumapili mchana mezani, jikoni, kwa simu, huku mumewe akimenya viazi na kumkatiza kwa mapendekezo.

Na kwa furaha ya kuanza, akatuma ujumbe kwenye kundi la ukoo. Ulisomeka hivi: "Ndugu zangu, nimefungua blogu. Naomba mnitembelee mara kwa mara, hapo ndipo riziki yangu ilipo."

Hapo ndipo neno lilipomponza. Kiswahili kina ukarimu wake. Watu wa mitandao walipotafuta namna ya kusema kwamba mtu amefungua ukurasa akausoma, hawakuhangaika. Waliokota neno lililokuwa limeketi sebuleni siku zote, wakalipa kazi ya pili. Zipo lugha ambazo mtu anaweza kutembelea mahali kwa kuchungulia tu na kupita zake. Lakini katika ukoo ule, kumtembelea mtu ni kubisha mlango, kuingia, kusalimia chumba kwa chumba hata mgonjwa aliyelala, na usiondoke bila kuacha kitu mkononi mwa mwenyeji. Dokta Doa aliandika neno moja. Wao wakasoma lingine, ingawa herufi zilikuwa zile zile.

Mapato ya mwanzo yalitosha sabuni na gesi ya kupikia. Kisha, bila yeye kubadilisha chochote, yakapanda. Yakapanda tena. Mwezi mmoja yakaupita mshahara wa hotelini, na Dokta Doa alikaa kitandani na simu mapajani, akamwita mumewe aje ahakikishe kwamba anachokiona ndicho kilichoandikwa.

"Kwani umeandika nini kipya?" mume aliuliza.

"Sijaandika kitu. Wiki hizi mbili kifua kilinibana, sijagusa."

"Sasa inapandaje?"

"Watu wanasoma za zamani."

Mume alikuna rangi kavu kwenye kidole. "Mimi nikiona ukuta umekauka haraka kuliko kawaida, sipaki rangi juu yake. Nauliza kwanza."

"Wewe na kuta zako," alisema mkewe, akacheka, na kesho yake akampelekea msimamizi barua ya kuacha kazi.

*

Kutoka hotelini siku ile ya foronya alikwenda moja kwa moja kwa shemeji. Alimkuta ameinama juu ya simu iliyopasuliwa tumbo, taa ndogo kwenye paji la uso. Hakumsalimia. Aliiweka simu yake kwenye kaunta, na shemeji akaisoma barua pepe midomo ikicheza.

"Wanasema mibonyezo isiyo halali," alisema mwishowe.

"Mibonyezo gani? Mimi sijawahi kubonyeza tangazo hata moja. Uliniambia nisiguse, sijagusa."

"Najua, shem. Si wewe. Kuna watu wanabonyeza si kwa kutaka bidhaa, bali kwa kubonyeza tu. Kampuni inaona ni wizi." Akageuza kompyuta yake, akafungua ukurasa wenye mistari ya kupanda na kushuka. "Sijawahi kuangalia hapa, na ni kosa langu. Ona. Wako wachache, wale wale, kila siku. Wanaingia, hawasomi hata mstari, wanagonga tangazo la kwanza, la pili, mpaka la mwisho, wanatoka. Asubuhi, kama wanameza dozi."

Dokta Doa aliitazama ile mistari. Miezi yote alikuwa akiiona kama ngazi anayoipanda. Sasa aliiona kama ilivyo, nayo ilikuwa imepanda bila msomaji.

"Kwa hiyo hakuna aliyekuwa anasoma?"

"Wanaosoma wapo. Hawa hapa, mstari huu wa chini, umetulia. Wanakaa, wanasoma hadi mwisho. Ila hao hawabonyezi kitu."

"Na hawa wa juu ni nani?"

Shemeji aliizima taa ya paji la uso. "Shem, nisikufiche. Mtu anayejua namna hii ya kuua blogu ni mtu anayekuchukia. Una adui, na anaamka mapema."

Akatoka kibandani. Njiani aliwapanga adui zake akaona ni wachache mno. Yupo mwanamke aliyefukuzwa hotelini kwa kuiba mataulo, ambaye alidhani Dokta Doa ndiye aliyesema. Yupo mwenye duka la sabuni, ambaye aliandika makala kumi zinazofanana na zake hadi makosa ya herufi. Kila aliyemfikiria alimwona ameketi na simu, kila asubuhi, na uvumilivu wa kutisha, akimgongea msumari baada ya msumari. Chuki ya bidii kiasi kile ilimshangaza kuliko hasara yenyewe. Alijiuliza amemkosea nani hivyo.

Mtu akipigwa na jambo, huenda kwa aliyemlea. Mama yake alikufa yeye angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, dada wa baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Alikaa mtaa wa nyuma ya soko, nyumba ya vyumba viwili, mlango wake haukufungwa mchana.

*

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita, kaa. Ngoja nimalize."

Shangazi aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na soketi, kwa sababu simu yake haikuishi tena bila waya. Miwani ilikuwa kwenye ncha ya pua. Kidole cha shahada kilikuwa kimenyooka kama cha mtu anayemkanya mtoto, na alikuwa akikigonga kwenye kioo cha simu, taratibu, mahali pamoja baada ya pengine. Kila akigonga alinong'ona kitu. Dokta Doa akasogea, akasikiliza.

"Hodi," shangazi alisema, akagonga. "Hodi tena." Akagonga. "Na nyie wa matrekta, hamjambo?" Akagonga.

Juu ya kioo, kwa rangi ya bluu aliyoichagua yeye mwenyewe, yalikuwa maneno Doa Halikai.

Dokta Doa alikalia kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa ndoo iliyofunikwa. Alihisi masikio yanajaa maji.

"Nimekutembelea leo kuchelewa," shangazi aliendelea bila kuinua kichwa. "Umeme ulikatika. Lakini wenzangu wameshapita. Mjomba wako yule wa mguu mbovu anapita alfajiri, hana usingizi. Binti yake anapita akiwa kazini. Mimi nawapigia kuwakumbusha, maana watu wavivu, mtu anaingia kwa mwenziwe anatoka mikono mitupu. Nikawaambia, aibu hii hapana. Kila mlango ubisheni."

"Tangu lini, shangazi?"

"Tangu nilipopeleka simu kwa shemeji yako aibadilishe betri. Akanieleza kwamba mtu akibonyeza vile vipicha, wewe unapata kitu. Nikamwambia, kumbe ni rahisi hivyo na mtoto wetu anakohoa damu mle kwenye mvuke? Nikaukusanya ukoo." Akavua miwani, akafuta kwa upindo wa gauni, uso wake umejaa nuru. "Hata bando nimewanunulia wasio nalo. Usumbufu upo, sikatai. Kuna kijana ananipigia kila wiki ananiuliza nataka trekta la rangi gani. Jana nikamwambia jekundu, labda ataridhika."

Adui alikuwa ameketi mbele yake na kumtolea bakuli la karanga.

Joto lilimpanda Dokta Doa kutoka tumboni hadi kwenye macho. Maneno yalikuwa tayari yamepangana mdomoni, makali, ya moto. Angeyasema, angesema yote: barua ya kuacha kazi, meza iliyorithiwa, kifua, mwezi unaokwisha. Aliutazama mkono wa shangazi juu ya karanga, mishipa imesimama, ncha ya kidole imekuwa laini kwa kugonga. Mkono ule ndio uliomfundisha kufua, uani, akiwa hafikii kamba ya kuanikia.

Akaukatalia mkono wake, kama alivyokuwa akiwaambia wengine. Aliomba maji. Shangazi akamletea, ya mtungini, baridi. Akanywa yote polepole hadi chini, kisha akasema, "Shangazi, nataka nikuambie kitu, na ukae."

Alimwambia kidogo kidogo. Kwamba wenye matangazo wanalipa ili wapate mteja, na mtu anayebisha mlangoni bila haja wanamhesabu mwizi. Kwamba wamehesabu. Kwamba wamefunga. Hakupandisha sauti hata mara moja, na labda ndiyo sababu shangazi alielewa haraka hivyo. Nuru ilitoka usoni kama taa iliyochomolewa kwenye ukuta. Akaichomoa na simu, akaiweka sakafuni, mbali naye.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe. Ni mimi niliyesema mnitembelee, nikanyamaza hapo. Na nilipoona inapanda bila sababu, sikuuliza sababu."

"Mimi ndiye niliyekuwa nawaamsha. Kila siku. Mwanangu, mimi nimekuchoma kwa mikono yangu."

*

Waliandika rufaa siku ile ile kwenye kibanda cha shemeji, ambaye alipoambiwa nani ni adui alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nilimwambia mimi," alisema. "Shem, nilimwambia mimi, nikibadilisha betri, kwa kupiga domo tu." Wakaeleza ukweli wote: shangazi, mjomba wa mguu, bando, hata trekta jekundu. Dokta Doa alitegemea kwamba mahali fulani mtu angesoma, akacheka, akaelewa.

Jibu lilikuja kabla foronya iliyoungua haijachanwa kuwa tambara. Uamuzi haubadiliki. Mstari mmoja, na kwa mara nyingine bila jina la mtu. Kilichomtoa pumzi ni hilo: alijiandaa kwa hasira ya mtu, akapewa ukuta. Maisha yake ya mwaka mzima yalikuwa yamejengwa juu ya kiwanja ambacho mwenyewe hana uso.

Akameza aibu, akaenda kwa msimamizi. Msimamizi alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana alishindwa kumtazama.

"Nafasi imejazwa, Dokta. Na umemfundisha vizuri mno, sina hata sababu ya kumwondoa. Mashine ya mvuke ile kubwa ndiyo inahitaji mtu. Utaiweza?"

Mashine kubwa ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Akasema atafikiri, akapanda ngazi akikohoa, akasimama kwenye mlango wa nyuma wa hoteli hadi kifua kilipotulia.

Nyumbani alimkuta shangazi amekaa mezani, jikoni, amevaa miwani, simu mbele yake. Mume alikuwa anamenya viazi kwa ukimya wa mtu aliyeonywa.

"Sibonyezi kitu," shangazi alisema haraka, akainua viganja vyote viwili. "Nasoma. Nimekuja kusoma."

"Unasoma nini?"

"Ulichokiandika. Kwani nilikuwa najua humu ndani kuna nini? Miezi yote nimeingia kwako, nimesalimia matrekta na viatu, sijakusikiliza wewe mwenyewe." Akapeleka kidole hewani, juu ya kioo, bila kukigusa. "Hii ya damu ni nzuri. Ni mimi niliyekufundisha."

"Ni wewe."

"Hukuniandika."

"Nitakuandika."

"Sawa. Sasa nikuulize, na usinicheke. Nimesoma yote haya, tangu asubuhi. Hapa palikuwa na tangazo la matrekta. Hapa palikuwa na la mikopo, na mataa ya bustani. La kwako liko wapi?"

"La kwangu lipi?"

"La kwako. Mimi ni mtu, nina gauni langu la thamani lina doa, nimesoma hapa nimekuamini, naogopa kujaribu mwenyewe. Nakupata wapi? Umetandika mkeka, umekaribisha watu, umewapa habari za biashara za wengine. Yako hukuitaja. Hata namba ya simu hakuna."

Kisu cha mume kilisimama kwenye kiazi. Dokta Doa aliichukua simu, akapandisha ukurasa, akaushusha, tangu makala ya damu hadi ya mwisho. Alikuwa ameandika juu ya kila doa linaloweza kumpata binadamu. Hakuna mahali, hata kwa herufi ndogo, palipoandikwa kwamba mwandishi ni dobi, kwamba mikono hiyo inakodishwa, na inapatikana mtaa gani. Alikuwa ameketi mwaka mzima katika mlango wa duka lake akiuza la jirani.

"Mimi niliwaambia hii nyumba ina watu wa ajabu," mume alisema, akaendelea kumenya.

Jumapili ile aliandika makala fupi. Alieleza yaliyompata, bila kumtaja mtu. Aliwaomba wanaomtembelea wasibonyeze kitu kwa kumhurumia, sasa au siku nyingine, kwake au kwa mwingine. Chini akaongeza kwamba yeye ni dobi, kwamba nguo iliyowashinda wengine anaipokea nyumbani, kwa maji baridi tu. Akaweka namba.

Kukawa kimya. Simu ililia mara mbili, na mara zote alikuwa kijana wa matrekta, ambaye shangazi alimpa namba hiyo kwa kujitetea. Mwezi ukabaki na siku za kuhesabika. Dokta Doa alimpigia msimamizi, akasema mashine kubwa ataiweza, Jumatatu ataanza.

Jumamosi mlango ulibishwa. Aliyesimama nje alikuwa mama wa makamo, mfupi, amevaa nadhifu, na nyuma yake teksi ikiwa na buti wazi. Mkononi alibeba mfuko mrefu wa plastiki kama anayebeba mtoto aliyelala.

"Ndiye Doa Halikai?"

"Ndiye."

"Mimi nakodisha magauni ya harusi. Hili limerudi jana, bibi harusi alijichoma na pini." Akafungua zipu kidogo. Ndani ya weupe wa lesi, pindoni, palikuwa na tone la damu na michirizi yake. "Sijaligusa. Nilikumbuka, mkono wangu nikaukatalia. Nimekusoma tangu ile ya damu yenyewe, sijakosa Jumapili hata moja. Nilikuwa najiuliza tu huyu mtu anaishi nchi gani." Akashusha sauti kama anayekiri. "Ila nisikudanganye, dada. Sijawahi kukubonyezea tangazo hata moja. Yananikera."

Dokta Doa alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akashika mwimo wa mlango. Mstari ule wa chini, uliotulia, wa watu wanaosoma hadi mwisho bila kugusa kitu, ulikuwa umesimama mbele yake na mkoba begani. Alipopata pumzi aliuliza, "Limelala?"

"Halijalala. Na kwenye teksi yapo mengine, ya zamani, yamelala miaka. Kila ninayempelekea anayachemsha. Ukiyaweza haya, mimi sina mtu mwingine, na wenzangu wa kazi hii pia hawana."

Jioni hiyo kabla jua halijazama alimpigia tena msimamizi, akamwomba radhi kwamba Jumatatu hatakuja.

Beseni kubwa lilikuwa uani, maji yamejaa hadi ukingo, na lesi ikielea juu yake kama povu. Damu ilikuwa inatoka yenyewe, uzi mwembamba wa waridi ukijinyoosha na kupotea. Shangazi aliingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha, akasimama pembeni ya beseni, mikono nyuma, kwa uangalifu wa mtu aliyekwisha kuvunja sahani katika nyumba hiyo.

"Nisiguse," alisema.

"Gusa, shangazi. Nataka mikono. Shika upande huo tulitoe majini."

Shangazi akakunja mikono ya gauni lake, akachutama, akazamisha vidole. Wakalinyanyua pamoja, wakalilaza juu ya taulo, wakalifunika kwa taulo lingine. Kwa mazoea ya miaka shangazi alilikamata kwa ngumi mbili, tayari kulinyonga.

"Usikamue," Dokta Doa alimwambia. "Hii ni lesi, itakatika. Bonyeza."

Shangazi alimtazama usoni, aone kama anachezewa.

"Bonyeza, shangazi. Kwa kiganja, taratibu. Kila mahali."